Kufunga moto wa gesi kwenye meko ya sebuleni Uingereza: anza na chimni, dukani nenda mwisho

Kila baridi ikianza kuuma huku Uingereza, yaani Oktoba tu ikiingia, napigiwa simu na watu wetu waliohamia zile nyumba za zamani za matofali mekundu zilizobanana mtaa mzima, swali ni lilelile, kaka hii meko ya sebuleni siwezi kuweka moto wa gesi? Unaweza, nyingi zinakubali. Ila nikiuliza swali langu moja tu, umeshanunua? najibiwa eeh, nimeupata kwa bei nzuri, boksi lipo hapa koridoni linamsubiri fundi. Basi hapo najua shughuli ipo.

Najua kwa sababu na mimi nilifanya hivyohivyo. Nyumba yangu ina chimni ya matofali ya miaka ya 1900 hivi, mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Tanga mwezi wa kwanza, nikaona haiwezekani mama wa watu aje agande sebuleni kwangu, nikanunua moto wa gesi wa mitumba mtandaoni, una makaa ya kauri mazuri kweli na fremu ya shaba imeng'arishwa. Fundi alipokuja hata boksi hakulitazama. Alipiga magoti, akaingiza kichwa kwenye meko na tochi, akakaa humo kidogo, akatoka na vumbi puani akaniuliza hii chimni mara ya mwisho imefagiwa lini? Nikabaki namtazama. Tukaja kutoa viroba vitatu vya vijiti na manyoya na masizi, ndege wa jamii ya kunguru walishajenga humo kizazi hadi kizazi. Halafu ule moto wenyewe haukuwa na kitabu chake cha maelekezo kwa hiyo akakataa kuufunga, na alikuwa sahihi, fundi bila kile kitabu hajui makaa yanapangwaje, hajui presha inayotakiwa, hajui hata kama moto ule unafaa chimni ile. Pesa yangu ikaenda na maji.

Kwa hiyo somo zima nalopanga kuwapa leo liko hapa: chimni ndiyo inachagua moto, wewe unachagua rangi ya fremu tu. Fuata mpangilio huo na mengine yatakaa sawa.

Kabla ya chochote, spana iweke chini

Haya maelezo siyo ya kukufundisha uunganishe gesi mwenyewe. Sheria ya gesi ya huku, ile ya mwaka 1998, inataka kazi ya gesi ifanywe na mtu mwenye ujuzi uliothibitishwa, na anayefanya kwa malipo lazima awe kwenye orodha ya Gas Safe Register. Wale wa zamani bado utawasikia wanasema CORGI, hiyo ilikuwa orodha ya zamani ya mafundi gesi, iliondoka Aprili 2009 ikaja Gas Safe, kwa hiyo mtu akikuonyesha kadi ya CORGI leo mwambie asante, mlango ule pale.

Kadi ya Gas Safe ina pande mbili na watu wengi wanaangalia upande mmoja. Mbele kuna picha yake, namba yake na tarehe ya kuisha. Nyuma ndiyo kuna habari yenyewe, imeandikwa kazi gani anaruhusiwa kufanya, boila, jiko la kupikia, moto wa gesi, kila kimoja peke yake. Unaweza kukuta fundi mzuri kabisa wa boila, kakufungia boila miaka kumi haina shida, lakini kwenye moto wa meko hana ruhusa. Geuza kadi. Usione haya, yeye mwenyewe amezoea kuombwa, na namba yake unaweza kuiangalia kwenye tovuti ya Gas Safe ukiwa umesimama naye hapohapo mlangoni.

Na kama umepanga, usifunge chochote bila ruhusa ya mwenye nyumba. Nitarudi kwa wapangaji huko chini maana mna haki ambazo wengi hamzijui.

Kwa nini nakazania chimni

Gesi inapoungua vizuri inatoa mvuke wa maji na kaboni daioksaidi, na hivyo vinatakiwa vipande juu vitoke nje. Chimni ikiziba, au hewa ya kuingia chumbani ikiwa haitoshi, ule moshi usioonekana unageuka unarudi sebuleni, moto unaanza kuvuta pumzi yake mwenyewe, oksijeni inapungua, gesi inaanza kuungua nusunusu, na hapo ndipo inazaliwa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haikuchomi macho kama moshi wa kuni. Wazee wa huku watakuambia enzi zao gesi ilikuwa hatari zaidi, na ni kweli, gesi ya mji ya zamani ilitengenezwa kwa makaa ya mawe na ilikuwa na hiyo sumu ndani yake tayari, ndiyo maana kati ya 1967 na 1977 walipobadilisha nchi nzima kwenda gesi asilia ya baharini mambo yakapoa. Lakini gesi asilia nayo ikiungua vibaya inaitengeneza upya.

Kwetu nyumbani hii kitu tunaijua kwa jina lingine. Kila mwaka wakati wa baridi kule Njombe, Makete, Limuru, unasikia familia imeingiza jiko la mkaa chumbani wakafunga madirisha wakalala, asubuhi hawakuamka. Ni sumu ileile. Tofauti ni kwamba huku jiko limevaa suti.

Sasa jua chimni yako ni ya aina gani

Toka nje, vuka barabara, angalia juu ya paa. Ukiona mnara wa matofali una vyungu vya udongo juu, hiyo ni chimni ya kawaida ya matofali, na hiyo ndiyo yenye uhuru mkubwa wa kuchagua, moto karibu wa aina zote unaweza kufaa ikishakaguliwa. Ukiona bomba la chuma limetoka kwenye paa lina kofia, hiyo ni ya bomba la chuma lililokuja tayari kiwandani, moto unaofaa ni baadhi. Nyumba nyingi za miaka ya 60 hadi 80 zina kitu kingine tena, vitofali vya zege vyenye tundu jembamba la mstatili vimepangwa ndani ya ukuta, kule juu mara nyingi inatokea kwenye mgongo wa paa tu. Hii ndiyo inayowaumiza watu, maana ukiwa sebuleni meko inaonekana ya kawaida kabisa, ila tundu lake ni finyu na moto mwingi wa kupendeza haufai humo, lazima kitabu cha moto kitaje kwa maneno kwamba unakubali chimni ya aina hiyo. Na kama hakuna kitu juu ya paa, huna chimni, lakini usikate tamaa, upo moto uliofungwa kioo mbele unaopumua kwa bomba mbili-kwa-moja linalotoboa ukuta wa nje, hewa inaingia kwa nje na moshi unatoka kwa nje, chumba hakihusiki kabisa. Kwa maoni yangu huo ndio salama kuliko wote na joto lake haliibiwi, ni vile tu watu wanasema kioo kinaharibu raha. Haya.

Ukishajua aina, mwite msafisha chimni. Siyo fundi gesi, msafisha chimni kwanza, hasa kama meko iliwahi kuchoma kuni au makaa. Atafagia, na umwombe aangalie mambo mawili matatu. Kule juu kuna kofia gani, maana mwenye nyumba wa kwanza akiacha kutumia meko huwa anaziba chimni kwa kofia ya kuzuia mvua isiyopitisha moshi, hiyo lazima itoke, iwekwe inayofaa gesi na yenye wavu wa kuzuia ndege. Pili, ndani ya koo la chimni kama kuna lile bamba la chuma la kufungulia na kufungia upepo, hilo litolewe kabisa au lifungwe likiwa wazi moja kwa moja, lisiweze kurudi. Mtu akija siku moja akalisukuma kwa bahati mbaya huku moto wa gesi unawaka, mmekwisha.

La tatu ni la hatari na watu hawalijui kabisa. Nyumba nyingi zilikuwa na tangi la chuma nyuma ya meko la kuchemshia maji, na liliachwa humo likafunikwa. Likiwa limezibwa na lina maji ndani, ukiwasha moto mbele yake linaweza kulipuka kama bomu, na watu wameshakufa hivyo huku. Ukiona mabomba ya zamani yanaingia kwenye ukuta wa nyuma ya meko usipige nyundo, usiwashe kitu, mwonyeshe fundi alitoe au alitoboe liwe wazi. Na ukikuta kamba nyeupe-nyeupe au mbao za kijivu zimebandikwa ndani ya meko ya zamani, usivunje wala kusugua, inaweza kuwa asbesto, ambayo vumbi lake linaharibu mapafu.

Hewa ya chumba

Hapa ndipo watu wetu tunajimaliza wenyewe kwa sababu ya baridi. Moto wa wazi kabisa wa mapambo, ule wa kikapu cha makaa kinachokaa katikati ya meko, unahitaji hewa nyingi na kwa kawaida fundi atatoboa tundu la hewa ukutani, mara nyingi la sentimita za mraba 100, lisiloweza kufungwa. Moto ule unaoingizwa ndani ya tundu la meko ukakaa kama droo, ukiwa hauzidi kilowati 7, mara nyingi hauhitaji tundu la ziada, ila kitabu chake ndicho kinasema mwisho. Sasa mimi nimeingia nyumba za watu nimekuta tundu la hewa limejazwa magazeti, kingine soksi, kingine mto mzima umebanwa na kabati. Unamuuliza, anasema upepo unaingia ndugu yangu. Ndiyo, ndiyo kazi yake! Kama upepo unakukera mwambie fundi, kuna matundu ya kisasa yenye kona ndani yanapunguza upepo bila kuzuia hewa, au chagua ule moto wa kioo nilioutaja usiohitaji hewa ya chumba.

Feni ya kuvuta moshi jikoni nayo ikumbuke, hasa kama jiko na sebule ni chumba kimoja. Ina nguvu kuliko unavyofikiri, inaweza kuivuta hewa ya chimni irudi chini. Na bafuni moto wa gesi wa kutumia hewa ya chumba haufungwi, sheria imekataa. Chumba cha kulala masharti yake ni makali pia, ushauri wangu achana nacho.

Haya, sasa ndiyo twende dukani

Ukiwa na jibu la msafisha chimni na fundi ameshaona, sasa nunua. Kuna makundi kama matatu hivi. Kile kikapu cha mapambo ndicho kizuri kuliko vyote kwa macho na kibaya kuliko vyote kwa mfuko, sehemu kubwa ya joto inapanda na chimni unawapashia ndege moto. Ule wa kuingizwa una afadhali, na ukiwa na kioo mbele una afadhali zaidi. Mitumba sikushauri, nimeshawaambia yaliyonikuta. Hakikisha una alama za usalama za huku, una kitabu chake, na una vile vifaa viwili vya kujizima: kimoja kinakata gesi pale moto ukizimika, kingine kinakata gesi pale oksijeni ya chumbani ikishuka.

Hicho cha pili kina stori. Kuna dada mmoja alinipigia analalamika moto wake mpya unawaka dakika ishirini unajizima, anawasha, unajizima, shemeji mmoja mjuaji akamwambia hiyo ni sensa mbovu, niitoe? Nikamwambia dada, hiyo sensa ndiyo inakuokoa, zima moto toka humo ndani. Fundi alipokuja akakuta kofia ya chimni imeanguka imelala juu ya tundu. Moto ukijizima-zima ovyo, usimlaumu moto, unajaribu kukuambia kitu.

Sehemu ya mbele ya meko, lile jiwe la chini, pima kabla hujalipia. Kwa moto wa makaa ya wazi jiwe lisiloungua linatakiwa litoke mbele ya moto milimita 300 angalau, pembeni 150 kila upande, na uso wake uwe umeinuka milimita 50 juu ya sakafu au zulia ili mtu asisogeze zulia likafika kwenye moto. Mbao ya juu ya meko na TV, umbali wake uko kwenye kitabu, usikadirie kwa macho. TV juu ya meko kila mtu anataka, na TV nyingi zimepikwa.

Siku ya kufunga, kaa uangalie

Chukua kiti kaa. Usimsumbue fundi kwa maswali akiwa ameinama, lakini kuna vitu unatakiwa uvione kwa macho yako na usipoviona uulize.

Kwanza ataanza na mita, ataunganisha kipimo chake, kile cha maji cha umbo la U au cha kidijitali, apandishe presha mpaka milibari 20, afunge, asubiri dakika moja itulie kisha aangalie dakika mbili nzima kama inashuka. Hiyo inafanywa kabla hajaanza ili ajue nyumba yako haivuji tangu mwanzo, na inarudiwa akishamaliza. Fundi anayenusa tu na kusema iko poa, hapana.

Pili ni kidonge cha moshi. Anakiwasha ndani ya meko tupu, kabla moto haujafungwa, na ule moshi mzito lazima upande wote na utokee nje kwenye chungu kimoja kinachohusika, si pengine. Hapa ndipo mimi, siku nafungiwa moto mwingine baada ya ule wa mitumba kukataliwa, niliponyanyuka kwenye kiti, maana fundi alinituma nipande juu nikaangalie vyumba vya kulala na dari. Nikapanda nikidhani ni utaratibu tu, nafika chumba cha juu nakuta moshi mwembamba unatoka kwenye kimeko kidogo cha zamani kilichozibwa kwa ubao. Nyumba hizi za zamani chimni moja ina njia nne, tano zimepita pamoja, na kuta zinazozitenganisha zinakula uzee zinatoboka, kwa hiyo moto wa sebuleni unatoa hewa yake kwenye chumba alicholala mtoto, au hata nyumba ya jirani. Hakuna harufu ya kukuamsha. Ikabidi tuingize bomba jipya la chuma linalojikunja, toka juu mpaka chini, ndani ya chimni ile. Iliniuma mfukoni lakini mama mkwe angelala chumba kilekile.

Bomba likishakuwepo tangu zamani, yaani kulikuwa na moto mwingine kabla, usikubali litumike tena kienyeji, bomba la zamani linabaki pale tu fundi akijiridhisha kwamba litamaliza umri wa moto mpya. Mara nyingi jibu ni kubadilisha.

Nyuma ya moto kunatakiwa kubaki nafasi ya kuangukia takataka, matofali yanamomonyoka yanadondoka, kwa chimni ya matofali isiyo na bomba ndani inatakiwa lita 12 na kina cha milimita 250, chini ya hapo uchafu unajaa haraka unaziba tundu. Bamba la chuma linalofunika uwazi wa meko libandikwe kwa tepu maalumu ya joto na lizibe pande zote, tepu ya maboksi siku mbili tu inabanduka na ukishaona imebanduka ujue chimni haivuti inavyotakiwa.

Bomba la gesi linapopita ndani ya ukuta wa meko liwe limevalishwa ganda, kwa sababu masizi na chokaa vinakula shaba, na pale linapotokea pazibwe. Kwa nyumba nyingi utakuta kiwiko kidogo cha shaba kimetoka pembeni ya meko kimezibwa, kiliachwa na moto wa zamani. Usikifungue kuangalia kama kina gesi. Kina. Na fundi apime kama bomba hilo linatosha, kwa sababu kama boila na jiko vinavuta bomba hilohilo presha inashuka, kutoka mita mpaka kwenye moto isipungue zaidi ya milibari 1.

Makaa ya kauri au magogo ya bandia anayapanga fundi kwa kufuata picha ya kitabu, moja moja. Hayo sio mapambo ya kupanga unavyotaka, kila kimoja kimewekwa pale moto upite katikati, ukizidisha kipande au ukageuza, moto unagonga kauri unapoa, unatoa masizi na ile sumu. Piga picha siku ileile akishamaliza, ili mtoto akichezea ujue kilikuwa wapi. Na wageni waambieni jamani, mimi nimekuta maganda ya karanga na tishu kwenye makaa kwa sababu mjomba aliona moto akatupa kama kawaida.

Mwisho anawasha moto mpaka mwisho, anafunga milango na madirisha yote, anasubiri dakika tano, halafu anashika kijiti cha moshi kwenye ukingo wa juu wa uwazi wa moto. Moshi wote unatakiwa uvutwe ndani. Ukirudi chumbani anaacha moto uwake dakika kumi zaidi ili chimni ipate joto, anajaribu tena, ukirudi tena basi moto unakatwa na hautumiki mpaka sababu ipatikane, hakuna cha ngoja utazoea. Kisha jaribio linarudiwa na feni ya jikoni inazunguka kwa nguvu zote na milango ya kati wazi. Hili la feni mafundi wenye haraka wanaliruka. Mkumbushe kwa upole, mwambie fundi samahani, niwashe feni tuone?

Asipokuonyesha jinsi ya kuwasha na kuzima, na valvu ya kufungia iko wapi, usimlipe bado. Akiondoka akuachie kitabu cha moto, na kwa England na Wales kazi hii inaripotiwa halmashauri, Gas Safe wenyewe ndio njia yake, baadaye unaletewa cheti kwa posta. Kitunze. Ukija kuuza nyumba wakili wa mnunuzi atakiulizia.

Alamu

Nunua alamu ya kaboni monoksaidi kabla moto haujawashwa mara ya kwanza, siyo mshahara ujao. Iwe na maandishi EN 50291. Chumba kilekile chenye moto, kati ya mita 1 na 3 kutoka kwenye moto kwa mlalo, siyo nyuma ya pazia, siyo ndani ya kabati la TV, siyo juu kabisa ya meko. Ukiibandika darini iache sentimita 30 kutoka ukutani. Bonyeza kitufe cha kujaribu kila mwezi na soma tarehe ya kuisha, zina umri, ikifika tupa hata kama bado inalia vizuri. Alamu ya moshi wa kawaida haiisikii kaboni, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Baada ya hapo

Wengi tumefundishwa moto wa gesi wa bluu ni salama, wa njano ni hatari. Kwa jiko la kupikia na boila sawa. Kwa moto wa meko wa mapambo haikusaidii, huo umetengenezwa uwe wa njano ili ufanane na makaa. Hapa angalia vingine: masizi meusi kwenye makaa au ukutani juu ya meko, madirisha kutoa jasho zaidi ya kawaida, harufu nzito ya joto, taa ndogo ya kuwashia inayumba au inazimika.

Na mwilini, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, kama mafua lakini hakuna homa. Ukitoka kazini unapona, ukirudi nyumbani kinaanza. Nyumba nzima mnaumwa pamoja, hata paka analala tu. Watu wetu wanasema ni baridi hii, au malaria ya kutoka likizo. Zima moto, fungua madirisha, tokeni nje, kapimeni na mwambieni daktari kwa mdomo wenu kwamba mnashuku kaboni, asipoambiwa anaweza asifikirie. Mtu akizimia ni 999.

Ukinusa gesi, au alamu ya kaboni ikilia, namba ni 0800 111 999, bure, usiku na mchana, England, Wales na Scotland. Funga gesi kwenye mita, kile kishikio kikikaa kukatiza bomba kimefungwa, kikilala sambamba na bomba kiko wazi. Kwa harufu ya gesi usiwashe wala kuzima swichi yoyote, hata kengele ya mlango usiguse, na simu kapigie nje.

Huduma ni kila mwaka, mwambie fundi aje mwezi wa nane au wa tisa, ukisubiri baridi ya Novemba unapanga foleni na mji mzima. Ukibadilisha madirisha ukaweka ya vioo viwili, au ukavunja ukuta wa jikoni, mwite arudie jaribio la moshi, maana nyumba uliyofungiwa moto siyo hiyo tena, umeiziba pumzi.

Sasa wapangaji. Moto wa gesi wa mwenye nyumba ni lazima ukaguliwe na mtu wa Gas Safe kila baada ya miezi 12 kwa gharama yake yeye, na wewe upewe nakala ya karatasi ndani ya siku 28. England tangu Oktoba 2022 lazima pia aweke alamu ya kaboni kwenye chumba chochote chenye kifaa cha kudumu kinachochoma gesi, isipokuwa jiko la kupikia. Mwombe kwa maandishi, meseji inatosha, piga picha ya meseji. Na ukikuta moto umeandikwa kwenye stika kwamba usitumike, hata kama baridi ni ya kufa, usiuwashe. Stika aibandue fundi mwenyewe akishautengeneza.

Mama mkwe alikuja, alikaa miezi miwili mbele ya ule moto na kanga yake mabegani, na kitu pekee alicholalamikia ni kwamba huwezi kuchomea mahindi.